Mkung'uto wa Kwanza

Tangu nipate akili, mkung'uto wa kwanza wa ufuta nyumbani kwetu ulikuwa wa mama, na hakuna mtu mwingine aliyethubutu kuugusa. Matita yakishakauka kwenye chanja, vitumba vya mbegu vikianza kupasuka juani kwa ule mlio wao mdogo, mama alitawadha, akafunga kanga kiunoni na kutandika shuka safi juu ya turubai. Alisema bismillahi, akachukua tita la kwanza, akaligeuza kichwa chini na kulipiga kwa kiganja mara moja, kwa upole, mtu angedhani anambembeleza mtoto. Akaliweka pembeni, akachukua lingine. Kilichodondoka kwenye shuka hakikuchanganywa na kitu kingine. Hicho ndicho kilichokuwa mbegu ya mwaka unaofuata.

Sisi wengine tuliitwa baadaye na fimbo zetu kuyapiga matita hayo hayo mpaka yatoe yaliyobaki. Hayo yalikuwa ya kula na ya kupeleka mnadani. Mama alisema punje inayodondoka yenyewe ndiyo iliyoiva, iliyojaa, yenye heri, na ile ya kulazimishwa kwa fimbo ina ukaidi ndani yake. Kijiji kizima kilifanya hivyo na kuamini hivyo, ila mkono wa mama ndio uliosifiwa. Ufuta wake ulikuwa mweupe, sawasawa wote, hata wanunuzi wakiushika wanatabasamu. Msimu wa kupanda ukikaribia watu walikuja na mabakuli, nyumba kwa nyumba, na mama aliwajazia bila kutaka kitu. Kuuza mbegu kwake ilikuwa aibu. Mpaka naondoka nyumbani kwenda kuolewa, sidhani kama palikuwa na shamba la ufuta kijijini ambalo halikuanzia kwenye shuka la mama.

Palikuwa na moja tu, la shangazi yangu, dada yake baba. Yeye na mama walikosana kwenye arobaini ya baba, na nikikwambia sababu utacheka: sufuria la pilau. Nani alilipakua kabla ya nani, nani alimjibu nani mbele ya wageni, basi. Wifi na wifi, wote wawili vichwa vigumu. Tangu siku ile shangazi hakutia mguu kwetu, na mbegu ya mama hakuitaka tena. Alilima ya kwake, ile ya zamani waliyoachiwa na bibi, yenye punje nyeupe, za kahawia na nyeusi humo humo. Watu waliuita ufuta wake uchafu.

Kijiji chetu kiko ndani, ukiiacha lami maeneo ya Kitomanga unakwenda na vumbi mpaka uchoke. Mimi niliolewa Mingoyo, nikaachika, nikabaki huko huko kwa ajili ya kazi na kwa ajili ya ubishi. Sikutaka kurudi nyumbani watu wanihesabie kosa. Nikapata kibarua kwenye shamba la majaribio ya ufuta, nalo nitalieleza.

Ubaya ulianza kidogo kidogo. Mwaka mmoja mama alinipigia simu akasema ufuta umewahi kupasuka, jua kali. Mwaka uliofuata ulipasuka mapema zaidi, wakasema upepo. Kisha pakatokea mwaka usio na jua kali wala upepo, mvua ilikatika kwa wakati wake, na ufuta ukapasuka watu wakiwa bado wananoa miundu. Mama alisema kwenye simu, taratibu, kwamba ukipita karibu na shamba asubuhi unausikia. Nilimuuliza anausikia nini. Akasema unapasuka, shamba zima, hakuna mtu ndani, na ukisimama unasikia punje zinaanguka kwenye majani makavu. Mimi si mwoga, lakini nilikaa na ile simu mkononi hata baada ya yeye kukata.

Nilikwenda msimu ule kuona mwenyewe. Jirani yetu wa upande wa bondeni, mwanamume wa makamo mwenye watoto wengi na hasira za karibu kama zangu, alinipeleka shambani kwake. Miti ya ufuta ilikuwa imesimama wima, mirefu, mizuri, na kila kitumba kimeachama kinywa juu. Ndani hakuna kitu. Chini ardhi imekuwa nyeupe, njiwa wametua makundi kwa makundi, sisimizi wanabeba kwa foleni. Tulijaribu kukusanya kwa ufagio, tukapata mchanga.  Yule bwana alikata mti mmoja, akaugeuza kichwa chini, akaukung'uta kwenye kiganja chake, akaniwekea kiganja kitupu mbele ya uso.

Ng'ambo ya kijito tuliona shamba la shangazi. Ufuta wake ulikuwa bado umefumba. Si wote, lakini mwingi, wa kutosha mtu kuvuna na kucheka. Jirani aliuangalia muda mrefu. Nilijua anachofikiri, na nilijua hayuko peke yake.

Watu wa bara wakisikia habari hizi husema sisi wa kusini tuna imani za ajabu. Waache waseme. Lakini fikiri umelima kwa mkono, umepalilia, watoto wanasubiri sare za shule, na kila mwaka mavuno yanakuponyoka mbele ya macho, huku bibi kizee mmoja, mjane, asiyesalimiana vizuri na watu, anabeba magunia. Walisema anavuta ufuta wa wenzake, kwamba punje zinazoanguka kwetu usiku zinahamia kwake. Kwetu mtu akishukiwa hivyo huletwa mtu wa kunyoa. Humkalisha mshukiwa uwanjani mchana kweupe, humnyoa kichwa chote kwa wembe, humchanja, humnywesha dawa, kisha watu huambiwa uchawi umetoka na waishi naye kwa amani. Kwa maneno ni hivyo. Kwa vitendo mtu akishanyolewa hana tena kijiji. Mzee wa mwisho kunyolewa kwetu, nyumba yake iliungua wiki ile ile, na hakuna aliyeona aliyeichoma. Alikwenda kwa ndugu zake Mitole, akafia huko.

Mwaka huu, ufuta ulipoanza kukauka, mama alipiga simu. Akaniambia wameshakubaliana. Mtu wa kunyoa ataitwa mavuno yakiharibika tena, na wa kunyolewa ni shangazi yako. Nilimuuliza yeye alisema nini kwenye hicho kikao. Akaniuliza habari za kazi. Nikauliza tena, nikipandisha sauti, na mama yangu akajibu kwamba yeye ni nani wa kubishana na kijiji kizima.  Nilimwambia sufuria la pilau lisiue mtu. Akakata simu.

Sasa hilo shamba la majaribio. Kazi yetu vibarua ilikuwa ya vidole. Jioni unatafuta ua la ufuta litakalofunguka kesho, unalivuta taratibu litoke pamoja na sehemu zake za kiume, unabakiza kile kijiti cha kike, unakifunika kwa kipande cha mrija na kukifunga uzi. Asubuhi unaleta vumbi la ua kutoka mti mwingine, ule uliochaguliwa, unakipaka. Mtoto atakayezaliwa hapo, mama yake unamjua na baba yake unamjua. Mwanzoni niliona upuuzi, kuozesha maua. Baadaye nikaipenda. Mtaalamu wa mbegu aliyetusimamia alikuwa binti mdogo tu, ametoka bara, ananiamkia shikamoo kila asubuhi hata akiwa na haraka, na anaeleza mambo bila kukudharau. Alituonyesha mti unaofumba vitumba ukiozwa na unaopasuka: watoto wote hupasuka, unaweza kudhani ile tabia ya kufumba imekufa. Ukipanda mbegu za watoto hao, kwenye wajukuu inarudi, kwa wachache. Ilikuwapo muda wote, imejificha.

Siku ile baada ya simu ya mama nilimweleza yote. Ufuta, njiwa, shangazi, wembe. Alisikiliza, kisha akaniuliza swali nililoliona halina maana.

"Mbegu mnaichaguaje, mama?"

Nikamweleza kwa majivuno kabisa. Shuka safi, bismillahi, mkung'uto wa kwanza, punje inayodondoka yenyewe. Nilivyokuwa naendelea niliona uso wake unabadilika.  Alinichukua mpaka mwisho wa shamba, kwenye matuta mawili ambayo sisi vibarua hatukupewa kuyagusa. Yote mawili, akasema, yametokana na kijiji kimoja, mbegu ile ile mchanganyiko. Tuta la kwanza, kila mwaka wamepanda punje zilizotangulia kudondoka. Tuta la pili, punje zilizobaki mpaka zikapigwa fimbo. Wameendelea hivyo kwa miaka. Tuta la pili lilikuwa limefumba. La kwanza lilikuwa limeachama lote, na ardhi chini yake nyeupe.  Lilikuwa shamba la jirani yetu, njiwa tu ndio waliokosekana.

Alinieleza pole pole. Shambani miti haikuwa sawa hata kama ilionekana sawa. Mingine iliwahi kupasuka, mingine ilichelewa, na kila mti uliwapa watoto tabia yake. Mama kila mwaka alikuwa anawachukua watoto wa iliyowahi, na wa iliyochelewa anawapeleka mnadani au anawakaanga. Mwaka mmoja hauoni kitu. Miaka thelathini, arobaini, umekwisha kuifuta miti yote inayojua kusubiri. Na kwa kuwa kijiji kizima kilipokea kutoka nyumba moja, hakuna pa kukimbilia.

"Shamba lenu halijarogwa," akasema. "Limechaguliwa hivyo."

Halafu akaniomba, kwa heshima sana, kama shangazi anaweza kumpa mbegu kidogo. Ule mchanganyiko wake, akasema, weusi na weupe na kahawia, wakubwa na wadogo, ndio wenye kila kitu ndani. Ule uchafu! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sikujua kama ni kicheko.

Nikaomba ruhusa, nikapanda gari asubuhi. Njia nzima nilikuwa na furaha, wallahi. Nilikuwa na dawa mkononi. Nilipanga maneno, nikayapangua, nikayapanga tena.

Nilifikia kwa shangazi kwanza. Nilimkuta jikoni, matawi ya ufuta yananing'inia juu ya moshi, makubwa kwa madogo, bila mpangilio. Nikamwamkia, akaitika marahaba bila kugeuka. Nilimuuliza mbegu anaichaguaje. Akasema hachagui, anakata matawi huku na huku, ananing'iniza, siku ya kupanda anayapiga fimbo yote mpaka yaishe. Ndivyo bibi alivyofanya, na yeye hana muda wa kutandika shuka. Pembeni ya mlango niliona mfuko wa safari umefungwa kamba. Nikamuuliza wa nini. Akasema akinyolewa hatakaa tena hapa, na hataki waje wamkute anatafuta nguo. Alisema hivyo huku anakuna nazi. Nikamwambia afungue hiyo kamba, hakuna wa kumnyoa, mimi nipo. Akaendelea kukuna.

Kwa mama nilikwenda kulala. Sikumweleza kitu. Nilikuwa bado nina hasira naye kwa ule ukimya wake, nikaona atasikia kikaoni kesho yake pamoja na wenzake. Na ufuta ulikuwa umeanza tena. Alfajiri, nikitia udhu uani, niliusikia kutoka shambani: tik, tik, tik, halafu kimya, halafu tena.

Kikao kilikuwa baada ya alasiri, bandani kwa mwenyekiti wa kitongoji. Walishakwenda mashambani asubuhi ile, walishaona. Mwenyekiti ni mtu mpole asiyependa makuu; alisema mtu wa kunyoa ameshaitwa, yuko njiani, atafika Ijumaa, na kama kuna mwenye neno aseme sasa. Shangazi alikuwa amekaa mwisho, peke yake, na pengo la mkeka kumzunguka. Mama alikaa mbele, kwenye nafasi anayopewa sikuzote.

Nikasimama. Nilisema vizuri, sijawahi kusema vizuri vile maishani mwangu. Niliwaeleza miti ina watoto, watoto wanarithi. Nikawaambia ng'ombe wa maziwa huchaguliwa kwa kumwangalia mama yake, jogoo wa kupigana kwa kumwangalia baba yake, basi na ufuta ni hivyo hivyo. Nikawaeleza yale matuta mawili. Nilikuwa nimekata miti miwili, mmoja wa jirani, mmoja wa shangazi. Nikaigeuza yote mbele yao. Wa jirani haukutoa kitu, wa shangazi nikaupiga fimbo ukamwaga punje za kila rangi kwenye ungo. Nikasema tatizo halikuingia usiku, wala halikuvuka kijito. Liko kwenye mbegu yenyewe. Huyu shangazi yangu mmezuia watoto wenu kumwamkia bure, na yeye ndiye mwenye mbegu ya kuwaokoa.

Watu walisikiliza. Niliona vichwa vinaitikia. Mwanamke mmoja akasogea, akajaza pengo la mkeka karibu na shangazi. Moyo wangu ulikuwa mwepesi, nikakaa.

Jirani wa bondeni akanyoosha mkono. Alisema amenielewa, ameridhika, shangazi amwie radhi. Alikuwa na swali dogo tu.

"Hicho kitu kwenye mbegu, nani alikitia?"

Nikasema hakikutiwa na mtu. Ni kuchagua tu, mwaka hadi mwaka.

"Sawa," akasema. "Nani alikuwa anachagua?"

  Mtu mmoja baada ya mwingine akageuza uso kutazama mbele, alipokaa mama. Hakuna aliyemtukana. Kikongwe mmoja alisema kwa sauti ya chini, kama anajiuliza, kwamba ndiyo maana hakuwa akitaka malipo. Mwingine akakumbuka kwamba hakuruhusu mtu aguse lile shuka. Na yale maneno anayosema kabla ya kukung'uta, nani ameyasikia yote? Nilisimama tena nikapiga kelele kwamba ni bismillahi, kila mtu anajua ni bismillahi, na kwamba hata wao wanakung'uta hivyo hivyo majumbani mwao, na kwamba hawezi mtu kuroga bila kujua. Mwenyekiti akasema Ijumaa si mbali, tuwe na subira. Wakanyanyuka wakaenda kuswali magharibi.

Asubuhi nilifungua mlango nifagie. Uwanja wetu ulikuwa mweupe. Walikuja wakati tumelala, nyumba kwa nyumba bila shaka, kila mtu na akiba yake ya mbegu, wakamimina pale mlangoni na kuondoka. Ilifika mpaka kwenye kizingiti. Nilikanyaga, ikateleza chini ya miguu. Nilianza kutukana, nikitaja kila nyumba, nikitaka watoke waje waniambie usoni. Milango ilikuwa imefungwa, na saa ile milango ya kijijini haifungwi. Jirani wa bondeni peke yake alipita na jembe begani, akaniuliza kwa adabu zote nitarudi lini Mingoyo.

Mama alitoka ndani, akasimama nyuma yangu akaangalia. Hakulia. Aliinama, akachota punje kiganjani, akazigeuzageuza kwa kidole kama anavyofanya anapokagua.

"Uliyosema jana, ni kweli?"

"Kweli, mama. Lakini si uchawi."

"Zimetoka kwenye mkono wangu?"

Nilitaka kumwambia habari za tabia zinazojificha, za wajukuu, kwamba mbegu ya shangazi ikichanganywa na yake kuna kitu kitarudi, kwamba yule binti wa bara amesema inawezekana. Nilisema ndiyo.

Akatikisa kichwa taratibu. Akasema basi ni yeye. Watoto wa yule bwana wamekosa shule kwa mkono wake. Watu wamekula mihogo mitupu kwa mkono wake, na yeye alikuwa anatembea kifua mbele wanapomsifu. Uwe uchawi au usiwe, jina lake mimi niite ninavyotaka. Nilimshika mabega nikamtikisa, mama yangu mzazi, nikamwambia asiseme hivyo, asije akasema hivyo mbele ya mtu. Alinisubiri nimalize.

Kisha akaketi kwenye kizingiti, juu ya ule ufuta, akavua ushungi wake na kuukunja magotini. Nywele zake zilikuwa zimebaki chache, nyeupe, zimesukwa mistari niliyomsuka mimi mwenyewe siku iliyotangulia.

"Ninyoe wewe," akasema. "Wakija Ijumaa wasinishike wao."

Nikaingia ndani kutafuta wembe.